Wakishindana walindwe, wakivua waachwe?

NDUGU msomaji, wewe kijana wa mjini uliyeegemea ukuta wa kijiweni na gazeti hili mkononi, leo tunakuomba tuwaache kidogo wakubwa na mashangingi yao, twende majini. Usihofu, tutawarudia. Katika nchi hii kila njia ukiifuata sana unawakuta wameketi mwisho wake.

Kama hujapata kuona resi za ngalawa, umepitwa. Unguja, tangu Tamasha la Nchi za Jahazi lilipoanzishwa mwaka 1998, resi za vyombo vya tanga zimekuwa sehemu ya sherehe, kusi likivuma na watu wamefurika ufukweni. Lamu, kwa jirani zetu wa Kenya, mashua hushindana Shela siku ya Januari 1 kwa upepo wa kaskazi, na tamasha lao la utamaduni nalo lina resi zake, za mashua na za punda pia. Siku hiyo mvuvi ambaye mwaka mzima huitwa "wewe" anaitwa nahodha. Mzee aliyeichonga ngalawa anatembea kifua mbele kama waziri aliyerudishwa barazani. Tanga likijaa na chombo kikilala upande mmoja, utawaona vijana wanakimbilia juu ya mbao za ubavuni na kuning'inia huko, maji yakiwalamba miguu, ili kisipinduke. Huo ni ujuzi uliokuwako pwani hii kabla Wareno hawajaiona Kilwa.

Siku hizi mchezo huo umepata mwenzake: hisani. Resi zinaandaliwa pamoja na siku nzima ya ufukweni, muziki, mishikaki, kuvuta kamba na fulana zilizochapishwa majina ya wafadhili, na kinachopatikana hupelekwa kwenye kisima, madawati au watoto yatima. Wageni nao wameionja ladha yake. Mashindano ya Kraken Cup yaliwahi kuwaleta vijana wa Ulaya kuendesha ngalawa zetu katika pwani hii, na washiriki wakahimizwa kuchangisha fedha za hisani kwao kabla hawajaja kuchubuliwa na jua la kwetu.

Tuseme wazi: hatuna ugomvi na hisani. Aliyemchimbia mwenzake kisima ana thawabu yake, na kijana aliyetoa pesa ya bia kununua dawati hatumcheki. Lakini safari nyingine ukienda kwenye siku kama hiyo, usiangalie matanga peke yake. Angalia nyuma yao.

Nyuma yao utaona boti yenye injini. Ndani yake wamo watu wamevaa jaketi za kuokolea maisha, zile za rangi ya chungwa, na kamba iko tayari mkononi. Boti hiyo haishindani na mtu. Kazi yake ni kusubiri wa kupinduka. Hakuna mwandaaji wa mashindano ya tanga mwenye akili timamu atakayepiga filimbi ya kuanza bila boti hiyo. Na ukifungua kitabu cha kanuni za mchezo huu zinazotumika duniani kote, kanuni ya kwanza kabisa haizungumzii mshindi wala kikombe. Inasema kwamba kila chombo na kila mshindani atatoa msaada wote unaowezekana kwa mtu au chombo kilicho hatarini. Inayofuata inadai vifaa vya kuokolea maisha viwe vya kuwatosha wote waliomo chomboni. Yaani watu wa mchezo, kabla ya kugombea kikombe, wamekubaliana kwanza nani atamvuta mwenzao atakapozama.

Sasa Jumapili imekwisha. Fulana zimefuliwa, wageni wamekwenda zao. Jumatatu usiku ngalawa ile ile na kijana yule yule wanatoka kuvua. Bahari ni ile ile, na usiku ni mkubwa kuliko mchana. Boti ya injini iko wapi?

Utatuambia hayo ni mambo ya visiwani, na wewe unaishi Dodoma, Iringa, Morogoro au Manzese, bahari unaiona kwenye kalenda. Haya, basi tupande basi la Iringa kutoka Dodoma. Huko katikati, ardhi imekauka, mibuyu imesimama kama wazee wanaosubiri pensheni, mara unaona kitu kinameta upande wa kulia na kushoto mwa akili yako unasema haiwezekani. Ni maji. Ni Mtera.

Jina hilo unalijua, ila umelijua gizani. Wazazi wako walilisikia redioni katika mgao wa umeme wa miaka ya tisini: "kina cha maji katika bwawa la Mtera kimeshuka." Ukalisikia wewe mwaka 2006, saluni zilipofungwa na mafundi wa kuchomelea wakacheza bao mchana kutwa. Likarudi tena Oktoba 2015, mitambo ya maji nchini ilipozimwa kwa ukame. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1980, kazi yake ya kwanza ikiwa kuyatunza maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya Kidatu, megawati 204. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ikafuata mwaka 1988. Na maji hayo hayo yakishapita Kidatu yanateremka hadi Rufiji, kwenye Bwawa la Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Maji ya Mtera, ndugu msomaji, yanafanya kazi zamu tatu bila likizo.

Wakubwa wetu wanaijua Mtera kwa tarakimu moja: mita 690 juu ya usawa wa bahari. Maji yakishuka chini ya hapo mitambo haipaswi kuendeshwa, simu zinalia, na mawaziri wanakwenda kupiga picha ukutani mwa bwawa wakiwa na kofia ngumu. Wamepima maji kwa sentimita. Wale walio juu ya maji hayo, nani amewapima?

Maana Mtera ina watu majini. Ina wavuvi wa perege na kambale, wenye mitumbwi ya mbao, makasia, na anayebahatika injini ndogo. Wale samaki unaonunua dirishani mwa basi, wa kukaanga, unaowala hadi Dodoma huku ukijilamba vidole, hawakujileta barabarani. Kuna mtu aliwafuata usiku, katikati ya vigogo vya miti iliyozama bwawa lilipojaa, ambavyo vingine vimesimama hadi leo kama mifupa na vingine vimejificha chini kidogo ya maji vikingoja mtumbwi. (Vigogo wa aina hiyo angalau hawaombi kura.) Kuna viboko, kuna mamba. Upepo wa nyanda za kati nao ukiamka mchana, ziwa lililokuwa kioo linakuwa mawimbi kabla hujamaliza sigara.

Mvuvi huyu haombi sadaka. Sheria inamtaka awe na leseni ya kuvua na leseni ya chombo. Akifika nchi kavu na samaki wake, ushuru wa halmashauri unamngoja. Amekwisha kulipa! Kwa hiyo yakija majaketi kumi ya msaada, tukaitiwa bendi na mheshimiwa akakata utepe, tusidanganyane kwamba huo ni ukarimu. Ni kumrudishia mtu chenji yake na kumtaka apige makofi.

Kwa nini tunalipigia kelele jambo hili? Kwa sababu nchi hii imezika watu wengi mno waliokufa wakisubiri kuokolewa. Mei 21, 1996, Mv Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, na waliokufa ni zaidi ya 800. Wengine walikuwa hai tumboni mwa meli iliyogeuka, wanagonga chuma wasikike. Likatobolewa tundu ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikazama nao. Wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini, kuopoa maiti. Tulilia, tukaombolezewa siku tatu, tukaambiwa tumejifunza.

Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha Mv Nyerere kikapinduka kikikaribia gati ya Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa ni 41. Giza lilipoingia uokoaji ukasimamishwa hadi asubuhi. Baada ya siku mbili akatolewa fundi wa kivuko, yu hai, amejibana penye hewa. Fikiri habari ya mtu huyo, halafu jiulize usiku ule wa kwanza kulikuwa na wangapi kama yeye.

Kisha ikaja Novemba 6, 2022. Ndege ya abiria inaanguka ziwani, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Wa kwanza kufika ni wavuvi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, anaupiga mlango wa ndege kwa kasia. Watu 24 wakapona, 19 wakafa. Yule kijana alipewa shilingi milioni 1 na akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na tunampongeza kwa moyo wote. Lakini soma tena habari hiyo polepole. Karne hii, kwenye mji wenye uwanja wa ndege kandokando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, chombo cha kwanza cha uokoaji kilikuwa kasia la mvuvi! Mvuvi akamwokoa abiria wa ndege. Mvuvi mwenyewe akizama, ni ndege ipi itakayokuja kumwokoa?

Serikali itatujibu kwamba vyombo vipo. Na kweli kwenye karatasi vipo. Lipo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo neno uokoaji limo ndani ya jina lake. Lipo Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lililoanza mwaka 2018 na kukabidhiwa usalama wa vyombo vya majini baada ya SUMATRA. Wapo polisi wa majini. Zanzibar wana mamlaka yao ya usafiri baharini na wana KMKM. Hatuwatukani askari wala wakaguzi. Wengi wao ni vijana kama wewe, wanaotumwa majini kwa mafuta ya kupimiwa. Tunamuuliza anayewapimia. Bunge liko Dodoma, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Mtera, na waheshimiwa wa mikoa ya kusini hupita juu ya ukuta wa bwawa wakienda na kurudi. Wapunguze mwendo siku moja wafungue kioo. Waulize boti ya uokoaji ya Mtera inalala wapi, ina mafuta ya siku ngapi, na namba ya simu ya mwenye funguo ni ipi saa nane za usiku. Waliopewa dhamana wajibu hapo hapo, bila hotuba. Umeme unauzwa, fedha zinaingia. Maji yanayowasha taa za nchi hayashindwi kununua boti mbili na kumlipa kijana wa kuziendesha.

Na wewe usijifiche nyuma ya gazeti. Tunakufahamu. Ukipanda mtumbwi kuvuka, ukipewa jaketi unasema linanuka, litakuharibia shati, wewe unaweza kuogelea. Nahodha akisema chombo kimejaa, ni wewe unayeruka dakika ya mwisho ukicheka, na wenzako wanakushangilia. Mv Nyerere haikujaa mawe, ilijaa watu ambao kila mmoja alijiona ni mmoja tu. Hilo haliwezi kutupiwa chama tawala peke yake, japo tungependa.

Sasa tuna wazo, na tunalitoa bure. Enyi vijana wa Dodoma na Iringa mnaochanga kila mwaka kwenda pwani kucheza siku ya ufukweni: mwaka mmoja ifanyeni Mtera. Andaeni resi za mitumbwi na wavuvi wenyewe, waliozaliwa na kasia mkononi, nanyi mkae ufukweni mkachome perege. Kuogelea msiogelee, mamba hasomi mabango. Kiingilio cha kila kikundi kiwe jaketi moja la kuokolea maisha, jipya, litakalobaki kwa mvuvi resi zikiisha. Na siku hiyo mwalikeni mkuu wa wilaya na mtu wa TASAC, si kuja kukata utepe, waje na boti ya uokoaji ifuate nyuma ya mitumbwi kama kanuni za mchezo zinavyotaka. Wakiileta, kikundi chenu kiwaombe jambo moja mbele ya watu wote: wasiondoke nayo. Wakisema hawana, mtakuwa mmepata jibu ambalo bungeni lingechukua vikao vitatu.

Lakini usingoje mpaka siku ya resi. Wiki hii kama una safari ya Iringa, basi likisimama Mtera na yule mama akainua sahani ya samaki dirishani, mlipe bila kumpunja, halafu muulize mvuvi wake amerudi saa ngapi leo, na kama asingerudi angempigia nani. Jibu atakalokupa tuletee ofisini, tutalichapa.