Ubalozi si fasi ya kutupia wakubwa

Serikali ikishindwa kujua imufanyie nini jenerali, mara nyingi inamupa barua ya ubalozi na tiketi ya safari. Kwetu Congo desturi hii tunaijua. Jenerali Léonard Mulamba, yule aliyeulinda muji wa Bukavu mwaka wa 1964, alikuwa waziri wa kwanza; Mobutu akamuondoa 1966, kisha akamutuma kuwa balozi kule Asia. Leo tunataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jenerali mwingine, wa Polandi, kwa sababu maisha yake yanaonyesha vizuri kile nchi inapata na kile inapoteza kwa njia hii.

Jina lake ni Bolesław Wieniawa-Długoszowski. Alizaliwa mwaka wa 1881, akasomea udaktari, kisha akaenda Paris kujifunza kuchora. Vita ya 1914 ilipoanza, aliingia askari wa farasi chini ya Józef Piłsudski, akawa musaidizi wake wa karibu sana. Mwaka wa 1921 alitumwa Bucharest kuwakilisha jeshi la nchi yake. Kwa hiyo hakuwa paka mutu wa upanga: mambo ya ubalozi aliyaonja mapema.

Piłsudski alikufa mwaka wa 1935. Na mutu aliyesimama chini ya muti mumoja, muti ukianguka, jua linamupiga yeye wa kwanza. Mwaka wa 1938 alipandishwa cheo, akatumwa Roma kuwa balozi. Ilikuwa kazi ngumu kabisa: kutafuta urafiki wa Italia ya Mussolini, wakati Mussolini mwenyewe alikuwa rafiki wa Hitler.

Tarehe 1 Septemba 1939 Wajerumani wakaingia Polandi. Tarehe 17 Warusi nao wakaingia. Rais Mościcki akavuka mpaka kwenda Romania, na kule wakamuzuia. Katiba ya mwaka wa 1935 ilimupa ruhusa, wakati wa vita, kuchagua mutu wa kumufuata. Akaandika jina la Wieniawa. Lakini Ufaransa ikakataa, na Wapolandi waliokuwa wapinzani wa watu wa Piłsudski nao wakakataa.

Wieniawa angeweza kushupaa. Karatasi ilikuwepo, sheria ilikuwepo. Lakini serikali mupya ilikuwa inatafuta makao ku Paris, katika nyumba ya wenyewe, na udongo wote wa Polandi ulikuwa mikononi mwa adui. Kushupaa kungeleta marais wawili wa nchi moja isiyo na hata muji mumoja. Alijiondoa kwa siku chache tu, na tarehe 30 Septemba Władysław Raczkiewicz akaapa. Sisi tunaona ile njo kazi kubwa kuliko zote alizofanya, kuliko hata vita vyake vya farasi. Ni wangapi wanaopewa kiti cha rais na kukirudisha?

Aliendelea na ubalozi wake Roma mpaka Italia ilipoingia vitani, mwezi wa Juni 1940. Kisha akafika New York. Aliomba kurudi jeshini, lakini jenerali Sikorski, aliyekuwa anaongoza serikali ya ugenini, hakumupa nafasi. Mwaka wa 1942 akapewa barua ya kwenda Cuba. Hakufika. Tarehe 1 Julai alijiua kule New York. Moyo wa marehemu hatuwezi kuuhukumu, na hatusemi kwamba barua ile njo ilimuua.

Mutu atatuambia: Sikorski alikuwa na sababu. Ni kweli. Watu wa Piłsudski walichukua utawala kwa silaha mwaka wa 1926, Wieniawa akiwa pamoja nao, na walioteswa hawakusahau. Basi, kama mutu ana kosa, aulizwe wazi mbele ya sheria. Kama hana, apewe kazi inayolingana na akili yake. Kumuweka mbali ili asionekane si hukumu, wala si kazi.

Na tena kuna hasara nyingine. Balozi anayejua kwamba ametupwa atasema nini mbele ya wageni? Wale wageni nao wanajua kusoma. Wanaona kama nchi imetuma sauti yake, ao imetuma mutu iliyechoka naye.

Mwaka wa 1990 mifupa ya Wieniawa ilirudishwa, ikazikwa Kraków kwa heshima. Heshima ya kaburi ni kitu kizuri. Lakini ilikuja karibu miaka hamsini kisha kifo chake, na wakubwa wanaotia sahihi barua za ubalozi wangefanya vema kuihesabu ile miaka.