Mdaiwa asijifiche, mdai asimkaushe



Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW). Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo linalovunja nyumba nyingi kimya kimya, nalo ni deni. Wilayani Rungwe, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, mikopo ya haraka ambayo watu wameipachika jina la "kausha damu" imeingia hadi jikoni.

Mama muuza ndizi wa Tukuyu hukopa Januari ili mtoto apate sare na madaftari, na hutakiwa kurejesha kila wiki. Mkulima wa viazi au parachichi hupata fedha wakati wa mavuno, na wa chai husubiri malipo ya majani mabichi. Deni linakwenda kwa wiki, shamba linakwenda kwa msimu. Hapo ndipo huchukuliwa mkopo wa pili kulipa wa kwanza, kadi ya benki ikawekwa rehani pamoja na namba yake ya siri, na baba akaanza kuzima simu na kukwepa njia ya sokoni.

Riba ni haramu, na hilo halina mjadala. Lakini aliyekwisha kutumbukia hatoki kwa kulaumiwa. Hutoka kwa kutubia, na kwa kwenda kuzungumza na anayemdai.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ka'b bin Malik (RA), aliyemdai Ibn Abi Hadrad deni lake ndani ya Msikiti wa Madina hata sauti zao zikapanda. Mtume (SAW) alizisikia akiwa nyumbani kwake, akafunua pazia, akamwashiria Ka'b apunguze nusu ya deni. Ka'b akaridhia. Hapo Mtume (SAW) akamwamuru mdaiwa ainuke alipe. Tuzitazame pande zote mbili: mdai alisamehe sehemu, na mdaiwa hakuachiwa mlango wa kukimbia.

Basi tunamshauri mdaiwa aanze kwa kuandika madeni yake yote, mbele ya mwenzi wake wa ndoa, bila kuficha hata moja. Kisha ahesabu kinachobaki baada ya chakula na ada. Aende kwa mkopeshaji kabla hajafuatwa, akiwa na shahidi, aombe mambo matatu: faini zifutwe, riba isiendelee kupanda, na marejesho yafuate msimu wa mavuno. Asiahidi asichokiweza. Wakikubaliana, yaandikwe na yatiwe saini, kwani Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara, imetuamrisha kuandika madeni. Na kila anapolipa adai stakabadhi.

Ajue pia kwamba sheria inamlinda. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba ya wakopeshaji hao kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 300,000, hiyo ni shilingi 10,500 kwa mwezi. Anayedaiwa shilingi 90,000 kwa mwezi huo huo ana hoja ya kuuliza. Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Malalamiko huanza kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Yasiposikilizwa, Benki Kuu ina tawi lake Mbeya mjini.

Kwa wanaodai, hasa Waislamu wenzetu, tunawakumbusha kuwa Suratul Baqara hiyo hiyo inaamrisha mwenye dhiki apewe muda, na inabainisha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Kwa misikiti yetu, wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba miongoni mwa mafungu manane ya wanaostahiki zaka. Je, tunawajua waliomo katika safu zetu? Na kwa vikundi vya akina mama na vijana, mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024. Wasiende kwa kausha damu kabla ya kubisha hodi huko.

Mwisho, suluhu si hila ya kutolipa. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Kwa hiyo mwenye nacho na alipe leo, asiye nacho aende akaseme leo. Usiku mmoja wa kulala bila kuogopa mlio wa simu una thamani kuliko fahari ya kuonekana hatudaiwi.

Wabillahi tawfiq.