Kabla ya tiketi ya ndege

Kwa ndugu, jamaa na majirani mlioko nyumbani,

Ujumbe wa namna hii hufika Maryland usiku wa manane, wakati huko kumekucha: kijana hajalala tangu juzi, anasema peke yake, anadai majirani wanamsikiliza kupitia redio. Shangazi mtu anauliza kama wa Marekani wanaweza kuchanga tiketi aje atibiwe huku. Kundi la WhatsApp linachangamka: mmoja anamtaja mganga, mwingine mchungaji, wa tatu bei ya tiketi. Anayeuliza kama kijana ameshaonwa na daktari huwa wa mwisho.

Swali hilo lingetangulia yote. Malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aweweseke, na maambukizi ya ubongo, sukari iliyoshuka, tezi ya shingo au pombe iliyokatwa ghafla huweza kufanana kabisa na wazimu. Ndiyo maana daktari huanza na vipimo vya damu.

Hayo yakishaondolewa, kinachobaki kina jina na kina tiba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na tatizo la afya ya akili. Walio wengi hawaokoti makopo barabarani. Ni watu wenye sonona au wasiwasi uliopitiliza: mama anayeamka saa tisa za usiku asipate tena usingizi, fundi ambaye hana hamu ya kazi wala chakula, na wote wawili huambiwa wajikaze.

Kwa skizofrenia, ugonjwa unaoweza kuleta dalili kama za kijana yule, dawa ya klopromazini ilianza kutumika Paris mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, na hadi leo inatumika. Litiamu, ya wagonjwa wa baipola wanaopanda na kushuka kihisia, ilitangazwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Dawa hizi zina maudhi yake: mikono kutetemeka, shingo kukakamaa, usingizi, kunenepa. Mgonjwa akilalamika hadeki. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.

Tatizo kubwa huanza mgonjwa anapopata nafuu. Anakula, analala, anacheka na wenzake, basi vidonge vinawekwa kabatini. Miezi inapita, ugonjwa unarudi, na familia inatangaza kwamba dawa za hospitali zimeshindwa. Dawa za sonona nazo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake, na wengi huziacha kabla ya hapo.

Tena si kila mgonjwa anahitaji vidonge. Mwaka 2005 daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alimpoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa dola 15 za nauli ya basi kumfikisha kliniki. Mwaka uliofuata, huko Mbare jijini Harare, alianza kuwafundisha mabibi 14 wa mtaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza, na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kuanza kulitatua. Utafiti wa watu 573, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa takribani asilimia 14 ya waliokaa na mabibi, na asilimia 50 ya waliopata huduma za kawaida.

Wazo hilo la benchi limevuka bahari hadi New York na Washington, jirani kabisa na Maryland. Shangazi anatafuta tiketi ya kuja kwenye nchi ambayo imejifunza kwa mabibi wa Harare! Na Marekani yenyewe, asiye na bima husita hata kupiga simu kuomba miadi.

Huko nyumbani kuna hospitali za magonjwa ya akili: Mirembe Dodoma, Kidongo Chekundu Zanzibar, na Mathari ya Nairobi, iliyopokea wagonjwa wa akili tangu 1910. Lakini safari inaweza kuanzia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Dua na maombi yaendelee, vidonge vikiwa mkononi. Kamba na minyororo ndivyo visivyo na nafasi. Na anayesema anataka kufa asiachwe peke yake wala asipelekwe polisi. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba.

Kwa hiyo ujumbe ujao ukitumwa Maryland, uje na jina la dawa, kipimo chake, tarehe ya kurudi kliniki na jina la ndugu atakayemsindikiza mgonjwa. Wa huku watachanga nauli na dawa za mwezi, na fedha zifike kabla ya tarehe hiyo.

Wasalaam,
Ndugu zenu wa Maryland