Baiskeli Isiyofunguka Si Mali Yako

Leo nitawaudhi watu. Nitawaudhi jamaa zangu wa triathloni, nitawaudhi wenye maduka ya baiskeli za bei mbaya hapa Nairobi, na pengine nitawaudhi hata watengeneza programu wenzangu ambao ndio hasa wanaostahili kuudhika. Hoja yangu ni hii: kama baiskeli yako haiwezi kutengenezwa na fundi mwenye spana, koleo na akili zake timamu kando ya barabara, basi wewe hukuinunua baiskeli. Umepangishwa. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, hakujui, na siku akichoka nawe atafunga mlango.

Kwa wale wasioufahamu mchezo wenyewe: triathloni ni kuogelea, kisha baiskeli, kisha kukimbia, bila kupumzika katikati. Iliingia kwenye Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, na umbali wake wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Wale walioshindwa kutosheka na mateso hayo wana Ironman, iliyoanza Hawaii mwaka 1978: kilomita 3.8, halafu 180, halafu marathoni nzima ya 42.2. Mimi ni mtu wa kukaa mbele ya kompyuta siku tano kwa wiki, kwa hiyo msinifikirie makubwa. Ninafanya mazoezi Jumamosi na Jumapili, na sehemu kubwa ya mazoezi hayo ni baiskeli.

Kuna sheria moja ya mchezo huu ninayoipenda kuliko zote. Sisi washiriki wa kawaida haturuhusiwi kupata msaada wa mtu wa nje. Tairi ikipata panchari unaiziba mwenyewe. Cheni ikikatika unaiunga mwenyewe. Mkeo akikupa pampu kutoka kwenye gari, umeondolewa. Sheria hii ina mizizi mirefu katika mbio za baiskeli. Mwaka 1913, katika Tour de France, Mfaransa Eugène Christophe alivunjikiwa na uma wa mbele mlimani Tourmalet. Alishuka kwa miguu zaidi ya kilomita 10 akiwa na baiskeli begani hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua ule uma kwa mikono yake huku waamuzi wamesimama wanamwangalia. Akaadhibiwa pia, kwa sababu kijana mmoja alimvukutia mvukuto! Ukatili huo siutetei. Lakini tazama kilichowezekana: chuma, moto, nyundo, na mtu akaendelea na safari. Sasa nambie, mwenye gia za leo zisizo na waya angefanya nini pale kwa mhunzi? Angeomba nywila ya WiFi?

Baiskeli, ndugu msomaji, ilikuwa ndiyo programu huria ya kwanza aliyoishika mtoto wa Kenya. Nani hakuwahi kukaa kando ya fundi akiangalia Black Mamba imepinduliwa magurudumu juu? Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, mapovu yanamwonyesha tundu. Anasugua kwa msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu. Hakuna siri. Kila kitu kiko nje, ukitazama utajua. Nati ni nati, gololi ni gololi, na spoki ya Busia inaingia kwenye gurudumu la Malindi. Ndiyo maana boda boda ilianzia kwenye baiskeli pale mpakani Busia na ikaweza kulisha familia: chombo kikiharibika asubuhi, mchana kiko barabarani. Hakuna aliyesubiri idhini ya mtu.

Ukitaka kuona jambo hilohilo likifanywa kwa makusudi, angalia baiskeli za Buffalo, zinazosambazwa na World Bicycle Relief. Walipotaka kuongeza gia, mwaka 2023 walitoa baiskeli yenye cheni mbili, na unabadilisha gia kwa kurudisha pedali nyuma kidogo. Hakuna kifaa kinachoning'inia kikisubiri kugongwa na jiwe. Hiyo ndiyo akili! Mhandisi alijiuliza kwanza nani ataitengeneza na wapi, ndipo akachora.

Sasa tuingie kwenye ugomvi wenyewe. Mavic ya Ufaransa ilijaribu gia za umeme miaka ya 1990, soko likaikataa. Shimano ikaleta Di2 mwaka 2009, Campagnolo ikafuata 2011, na SRAM ikaondoa waya kabisa mwaka 2015. Sitakuwa mnafiki, vitu hivi vinafanya kazi vizuri. Kwenye baiskeli ya triathloni vina faida ya kweli: unaweza kuwa na vitufe pale unapolaza mikono na vingine pale unaposhika breki, kitu ambacho waya wa chuma hauwezi. Kwenye mlima, mtu aliyesimama juu ya pedali anabadilisha gia bila kuachia usukani. Asemaye kwamba ni mbwembwe tupu hajawahi kuzipanda.

Kwa hiyo simpingi mtu kwa kutumia umeme. Ninachopinga ni kufuli.

Nilikuwa kwenye barabara ya Namanga, nimeshapita Isinya naelekea Kajiado, wiki sita kabla ya mashindano. Kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni (mimi nakiita kihamisha cheni, wenye jina bora walete) kikaganda kwenye gia nzito kuliko zote. Betri imejaa, taa ya kijani inawaka, kitufe kinabonyeka, kimya. Nikatoa simu, nikafungua ile programu ya kampuni, kampuni sitaitaja. Programu ikataka niingie kwenye akaunti. Nikaingia. Ikasema kifaa hakitambuliki, nijaribu tena baadaye. Nikajaribu baadaye. Upepo wa Kajiado mnaujua.

Nikaisukuma baiskeli hadi kibanda cha fundi mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa akinyoosha rimu ya boda. Akaizunguka mara mbili bila kuigusa.

"Hii screw yake ya kufungua iko wapi, kijana wangu?"

"Haina, mzee."

"Sasa aliyeiunda aliingilia wapi?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo. Mzee alikaa chini, akasoma cheni kwa macho kama dakika tano, kisha akasema tukiruke hicho kidude. Nilikuwa na kifaa changu cha kukatia cheni na kiungo cha akiba. Akapima, akaondoa vipande kadhaa, akaizungusha cheni moja kwa moja kutoka gia ya mbele hadi gia moja ya katikati nyuma, akakaza. Baiskeli ya gharama kubwa ikawa Black Mamba ya gia moja. Nikamlipa, nikarudi nayo hadi Kitengela nikipiga pedali kama mpanda boda mwenye abiria wawili. Kile kidude kikiwa kinaning'inia bure, taa yake bado ya kijani.

Jumatatu nikakipeleka dukani. Jibu: hakifunguliwi, hakitengenezwi, kinabadilishwa kizima. Muda wa dhamana umepita. Bei yake ingeninunulia Black Mamba mpya tatu na chenji ya chai. Nikauliza kama wanaweza angalau kusoma kumbukumbu za hitilafu zilizomo ndani, maana kifaa chochote chenye kompyuta huandika hitilafu zake mahali fulani. Kijana wa dukani, mtu mwema kabisa, akasema wao hawapewi kifaa cha kuzisomea.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Ndani ya kidude kile kuna nini? Mota ndogo, meno machache, kompyuta ndogo na redio ya masafa mafupi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji akaunti ya mtandao ili kifanye kazi. Mtu mmoja aliyekaa mezani kama mimi ndiye aliyeandika mstari unaosema "kama hajaingia kwenye akaunti, usimwonyeshe kitu". Wenzangu, sisi ndio tunaoiandika mistari hiyo! Halafu jioni tunalalamika kwamba matrekta ya wakulima wa Marekani yamefungwa kwa programu.

Wanajitetea kwamba siri ni kwa ajili ya usalama. Haya, tuiangalie siri yenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Northeastern na California San Diego walionyesha kwamba ishara za gia za Shimano zisizo na waya zingeweza kunaswa hewani na kurudiwa, hivyo mtu aliye karibu akabadilisha gia za mwenzake. Shimano ikatoa marekebisho. Waliogundua ni watu wa nje waliolazimika kuupasua mfumo uliofungwa. Auguste Kerckhoffs aliandika tangu 1883 kwamba mfumo unapaswa kubaki salama hata kama adui anaujua wote isipokuwa ufunguo. Miaka mia moja na arubaini baadaye bado tunauziwa pazia kwa bei ya ukuta.

Na siku kampuni ikifa? Hilo limeshatokea. VanMoof ya Uholanzi, iliyouza baiskeli za umeme zinazofunguliwa kwa simu, ilifilisika Julai 2023. Wenye baiskeli wakaanza kukimbizana kuhifadhi funguo zao za kidijitali kabla seva hazijazimwa, na washindani wao, Cowboy, ndio waliotoa programu ya kuwasaidia. Mtu amelipa kila senti, baiskeli iko sebuleni kwake, naye anaomba seva isife.

Wala msiniambie kwamba haiwezekani kufanya vingine. Mkanda wangu wa kupimia mapigo ya moyo na saa yangu vimetoka kwa kampuni mbili tofauti na vinaelewana bila ugomvi, kwa sababu lugha wanayozungumza imeandikwa hadharani. Au tazama lile sikio dogo la fremu linaloshika kihamisha cheni. Zamani karibu kila fremu ilikuwa na sikio lake, likipinda ukiwa Narok unaagiza Ulaya. Mwaka 2019 SRAM ikachora sikio moja la wote na kuwaruhusu watengeneza fremu walitumie bure. Leo ni kitu unachoweza kubeba mfukoni. (Biashara si sadaka, jamani: mwaka 2023 hao hao SRAM walileta vihamisha cheni vinavyofungwa moja kwa moja pale sikio lilipokuwa. Sawa tu. Wamefaidi, nasi tumefaidi.)

Sasa kuna hoja ya uvivu ninayoisikia kila nikifungua mdomo: kwamba haya ni matatizo ya matajiri, na mwenye uwezo wa kununua gia zisizo na waya anunue nyingine. Kwanza, baiskeli hizi huwa hazibaki kwa matajiri. Zinauzwa mitumba, zinashuka mkono hadi mkono, na vijana wetu wa mbio wanafanyia mazoezi kilichoachwa na wengine. Chris Froome, kabla ya kushinda Tour de France mara nne, alikuwa kijana anayejifunza kwa David Kinjah huko Kikuyu. Kijana kama huyo leo akipewa baiskeli ya mtumba iliyofungiwa kwenye akaunti ya Mjerumani fulani, atafanya nini nayo? Pili, kinachoanzia kwenye baiskeli ya triathloni kinaishia kwenye pikipiki ya umeme ya boda boda, na hapo si mchezo wa Jumamosi tena. Hapo ni unga.

Sheria tunayo, tatizo ni kwamba hatuisomi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, na inampa pia haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Isome tena hiyo ya pili. Habari. Namba ya hitilafu iliyofichwa ndani ya kidude nilichokilipia ni habari au si habari? Mwanasheria atasema nimeinyoosha Ibara kupita kiasi. Na aseme hivyo mbele ya hakimu, nitafurahi kumsikia.

Nimemwandikia muuzaji barua, karatasi halisi yenye sahihi, nikauliza mambo matatu. Kumbukumbu za hitilafu zinasomwaje bila akaunti? Kihamisha cheni kinasogezwaje kwa mkono umeme ukikataa? Na vipuri vya ndani vinauzwa wapi? Ukienda kununua baiskeli ya namna hii, uliza hayo matatu kabla ya kutoa pesa, tena uliza kwa sauti wateja wengine wakiwa dukani. Mimi bado nasubiri jibu. Mashindano ni wiki tatu zijazo, na nimekwisha kufunga kihamisha cheni cha waya nilichokipata kwa mitumba, kina screw mbili za kurekebishia na zote mbili zinafunguka.