Kigurudumu cha Marehemu Baba

Wasomaji wa ukurasa huu wametuzoea katika mambo ya malezi, ndoa na jiko. Juma hili watuwie radhi, kwani tumeshika chombo cha kuvulia samaki, tena si samaki wa bahari yetu.

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika ujana wake kabla ya uhuru alikuwa dereva wa Mwingereza mmoja huko Nyeri. Alipofariki, chini ya kitanda chake tulikuta sanduku la bati. Ndani yake mlikuwa na kofia mbili za vito, tasbihi, vyeti vya kazi vilivyogeuka rangi, na kigurudumu cha shaba kilichokuwa kizito kuliko umbo lake, chenye kishikio kidogo cha kuzungushia. Sisi tuliozaliwa pwani tunaujua mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha mti na kuvutwa kwa mkono. Kigurudumu kile hatukukijua ni cha nini.

Nyumba na minazi vilipigiwa hesabu na shekhe, kila mrithi akapewa haki yake kwa maandishi. Vitu vya sandukuni havikuandikwa. Tuliulizana tu, nani anataka nini. Sisi tukasema tutachukua kile kigurudumu kwa ukumbusho, na hakuna aliyepinga. Jioni ile tulikisugua kwa majivu na ndimu, kama mama zetu wanavyosugua sinia za shaba, hata upande mmoja ukang'aa kama dhahabu. Upande wa pili ulituchosha, tukauacha.

Chombo hicho huitwa rili. Hufungwa chini ya ufito wa kuvulia, kikakunja mshipi na kuuachia. Si uzushi wa juzi. Mchoraji wa Kichina, Ma Yuan, alimchora mvuvi aliye peke yake mashuani, rili ikiwa kwenye ufito wake, na picha hiyo ina zaidi ya miaka 800. Sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Tokyo. Lakini rili wanazozitafuta wakusanyaji wa vitu vya kale ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na nyingi zilitoka Uingereza na Marekani. Huko Kentucky alikuwako George Snyder, sonara na fundi wa saa, ambaye alizitengeneza kwa ustadi uleule wa saa. Mafundi waliomfuata katika jimbo hilo walitumia meno ya magurudumu madogo, hata mzunguko mmoja wa mkono ukazaa minne ya rili. Mwaka 1874 Charles Orvis wa Vermont alipata hataza ya rili nyembamba iliyotobolewa matundu mengi. Matundu hayo hayakuwa pambo. Mishipi ya zama zile ilikuwa ya hariri, na hariri ikikaa na unyevu huoza, basi hewa ilibidi ipite.

Kuna rili za mti wa jozi, kuna za shaba, na kuna zilizofanywa kwa madini yaitwayo fedha ya Kijerumani. Anunuaye na ajue kwamba hayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo hata chembe, na wako wauzaji wasioona haja ya kulisema hilo.

Tulipokuwa tukisoma hayo ndipo tulipokutana na picha ya alama tuliyokuwa tumeiona nyumbani. Ni mkono wa mtu ulioshika ufito, umechongwa kwenye shaba. Ni alama ya zamani ya ndugu Hardy wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, walioanza kazi mwaka 1872. Rili yao waliyoiita Perfect ilianza kuuzwa mapema katika miaka ya 1890, nayo huzunguka juu ya gololi ndogo za chuma zilizofichwa ndani. Tukafungua ya kwetu. Gololi zilikuwamo.

Ilifikaje Nyeri? Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, unaoshuka kutoka milima ya Aberdare. Trauti wakazaliana, na walowezi wakawafuata kando ya mito ile na vyombo vya kwao. Bila shaka yule Mwingereza alimwachia baba rili alipokuwa akifunga virago.

Tulimpelekea picha mtu mmoja mwenye kukusanya vitu hivi. Tulipiga ule upande ambao hatukuusugua. Hatukukusudia hila, ndio uliokuwa juu. Akataja bei ya ng'ombe wa maziwa. Alipoiona yenyewe, akakigeuza kigurudumu, akanyamaza, kisha akaikata bei ile nusu. Alitueleza kwamba shaba ya Hardy ilitoka kiwandani ikiwa imepakwa rangi ya kahawia iliyoiva, na mkusanyaji hulipia mabaki ya rangi hiyo kuliko mng'ao wowote. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu, tone la mafuta mepesi hutiwa panapozunguka, basi. Aliukagua na mguu wa rili, kwani wavuvi wengi waliupiga tupa ili uingie kwenye ufito mwingine, na mguu uliokatwa haurudi. Wetu ulikuwa mzima. Majivu na ndimu ndivyo vilivyotugharimu, na hilo tumelikubali.

Lililotuuma ni jingine. Tangu siku tulipoitambua ile alama hata siku tulipowaambia ndugu zetu, ilipita miezi mitatu. Tulijipa nyudhuru. Tulisema, walikubali kwa ridhaa yao. Tulisema, hakuna aliyekitaka. Yote mawili ni kweli, lakini waliridhia kipande cha shaba kisicho na bei, hawakuridhia thamani ya ng'ombe. Alichokiacha maiti, kidogo au kingi, kina wenyewe, na wenyewe walikuwa wanne: mama, kaka, dada na sisi. Sisi ndio tuliokuwa na elimu ya kitu kile peke yetu, na tulikaa nayo kama mtu akaaye na ufunguo wa nyumba ya watu.

Dada yetu mkubwa hakuuliza bei. Aliuliza, "Ndugu yangu, miezi mitatu?" Hatukuwa na la kumjibu, na hata leo hatunalo. Kaka alicheka, akasema heri tungelikisugua pande zote mbili tukapunguza ugomvi. Kisha tukamwita shekhe yuleyule. Mama thumni yake. Kilichobaki kikafanywa mafungu matano, kaka mawili, sisi mawili, dada moja. Tulikubaliana kwamba rili isiuzwe, nasi tuwalipe wenzetu mafungu yao kidogo kidogo kwa bei ile ya pili. Dada alitaka iandikwe na kutiwa sahihi. Ikaandikwa.

Mama peke yake alikataa fedha. Alikuwa ameketi mkekani akitusikiliza, na katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakijua kigurudumu kile. Alinyoosha mkono apewe. Akakishika kwa kidole gumba na cha shahada, akazungusha kishikio polepole, kikatoa sauti yake ya krrr, krrr.

"Hivi alikuwa akifanya usiku, usingizi ukimpaa," alisema. "Nyinyi mkiniuliza, mama, nyenje huyu yuko wapi?"

Tulimkumbuka nyenje huyo sote watatu. Mama akaendelea kuzungusha.