Kisu Shingoni: Wana Wanachagua Makali, Wanasahau Kamba

Kisu kimetoka jikoni, kimeruka kiuno, kimepanda shingoni. Msanii mmoja wa kizazi kipya, ambaye wadau wanamjua hata asipotajwa jina, ametupia picha akiwa kifua wazi, na katikati ya cheni zake kuna kitu cheusi kinaning'inia. Si msalaba wala si herufi ya jina la mpenzi. Ni kisu kidogo, cha aina isiyokunjwa, kimelala ndani ya ala yake na mpini umetazama chini. Maoni yakamiminika kama kawaida: "Bei gani hiyo?" "Inapatikana wapi?" "Mzigo ukifika nishtue." Swali moja tu halikuulizwa na mtu: kinakata nini?

Ukweli mchungu ni kwamba kisu cha shingoni ni kitu kizuri sana kwa watu wachache, na ni balaa kwa wengi wanaokitaka. Tatizo si kisu. Tatizo ni namna kinavyochaguliwa. Mtu anatazama picha, anapenda umbo la makali, anapenda rangi, anaagiza. Kamba anakuja kuikumbuka kikiwa tayari kifuani, wakati kamba ndiyo ilitakiwa kuwa ya kwanza.

Tuanze na sababu ya kitu hiki kuwepo. Kisu cha shingoni hakikubuniwa kwa ajili ya swaga. Kinawafaa watu ambao kiuno chao kina shughuli nyingine. Mpanda mlima anafunga mkanda wa begi nyongani, kwa hiyo kisu cha kiunoni hakifikiki. Mpiga kasia amekaa ndani ya mtumbwi mwembamba, mifuko iko chini ya maji. Mvaa koti zito la baridi hawezi kupapasa mfukoni kila akitaka kukata kamba. Kwa watu hawa kifua ndiyo sehemu pekee ambayo mkono wowote, wa kulia au wa kushoto, unafika haraka.

Kaka mmoja wa Moshi, anayepandisha wageni Kilimanjaro, anavaa chake kazini na anakivua akirudi mjini. Alipoulizwa na mdogo wake kwa nini asitoke nacho Jumamosi, alijibu kwa mkato: "Mdogo wangu, huku chini nina mifuko." Jibu hilo linatosha kuwa somo zima.

Sasa, kwa mwenye sababu ya kweli ya kukinunua, mpangilio wa kuchagua uwe huu: kamba, ala, mpini, chuma, halafu ndiyo umbo.

Kamba kwanza, kwa sababu ndiyo inayozunguka shingo. Visu vingi vya aina hii vinauzwa na kamba ya parashuti, ile ambayo vijana wanaifuma bangili. Aina yake maarufu inaitwa 550 kwa kuwa imepimwa kubeba ratili 550, yaani karibu kilo 250. Watu wanaisifia uimara, lakini shingoni uimara huo ni hatari. Kamba isiyokatika ikinasa kwenye kioo cha bodaboda, kwenye mlango wa daladala au kwenye tawi, kitakachopata shida si kamba. Inayotakiwa ni kamba inayokubali kuachia. Cheni ya vipunje, kama ile ya vibati vya majina ya wanajeshi, inakatika ikivutwa kwa nguvu. Anayependa kamba ya kitambaa aweke kile kifungo cha plastiki kilichoko nyuma ya kamba nyingi za vitambulisho vya ofisini, kinachofunguka chenyewe kikivutwa. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ndicho kinachotenganisha ajali ya kuchekesha na ajali ya kulia.

Urefu wa kamba nao una kanuni yake. Kisu kikae katikati ya kifua, si kitovuni. Kikishuka sana kinabembea, na mtu akiinama juu ya jiko, feni au mashine, kinatangulia kufika kabla ya mikono.

Pili, ala. Hapa ndipo wauzaji wa bei chee wanapowaumiza watu. Kisu cha kiunoni kinakaa kwenye ala kwa uzito wake. Cha shingoni kinaning'inia kichwa chini, kinashikiliwa na kitu kimoja tu: mbano wa ala. Ala nzuri ya plastiki ngumu, kama ile ya Kydex, hufinyangwa kwa joto kufuata umbo la kisu hicho hicho, na kisu kikiingia kinatoa mlio wa "ka!". Mlio huo ni sehemu ya usalama. Ala isiyotoa mlio, au inayolegea baada ya wiki mbili, haina kazi shingoni.

Kuijaribu ni rahisi, na hakuna sababu ya kutumia kifua cha mtu kama maabara. Ala inatundikwa kwenye msumari, kisu kikiwa ndani, kinatikiswa kwa nguvu mara 20 au 30. Kikianguka, kimejibu. Kisipoanguka, kinachomolewa kwa mkono mmoja: kinatakiwa kitoke kwa kusukumwa kidogo na kidole gumba, si kwa kung'ang'ania mpaka mkono uruke. Mkono unaoruka ukiwa na makali unaelekea usoni au kwenye mkono wa pili.

Ala ya ngozi inapendeza kwenye picha, hasa zile za kushonwa kwa mkono. Lakini kwenye joto la Dar, Mombasa au Zanzibar, ngozi inakunywa jasho na kulihifadhi pembeni mwa chuma kutwa nzima. Matokeo yake ni kutu na harufu. Ala ya plastiki yenye tundu chini inaoshwa kwa maji na kukauka.

Tatu, mpini. Kisu kidogo kinamfanya mtu adhani hakihitaji mpini wa maana. Ni kinyume chake. Makali ya sentimita 5 au 6 yanakata kama makubwa, ila vidole vinashika sehemu ndogo. Mpini unatakiwa uwe na mahali pa kuzuia kidole cha shahada kisiteleze kwenda mbele. Ndiyo maana kisu kinachoitwa Minimalist cha CRKT, kilichobuniwa na Alan Folts, kina mpini mfupi wenye mabonde ya vidole: makali ni kama sentimita 5.4 tu, lakini kinashikika. Eldris wa Morakniv, kiwanda cha mji wa Mora kule Sweden, umekwenda njia nyingine: makali ya karibu sentimita 6 na mpini mnene unaojaa kiganja. Wale wa kipande kimoja cha chuma kilichotobolewa tundu, bila chochote juu yake, ni wepesi shingoni lakini wanaumiza mkono baada ya dakika kumi za kazi.

Nne, chuma. Watu wa mtandaoni wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu majina ya vyuma. Kwa kisu cha shingoni mjadala ni mfupi: kinakaa kwenye jasho. Chuma cha kaboni kinanoleka vizuri na kina heshima yake. Izula wa ESEE, uliopewa jina la siafu mkali wa Amerika ya Kusini, unajulikana zaidi kwa chuma cha aina hiyo, 1095, na ndiyo maana hupakwa rangi ya kukikinga. Lakini makali yenyewe hayana rangi, na anayeishi pwani asiyependa kufuta na kupaka mafuta atakutana na kutu mapema. Chuma kisichoshika kutu, hata cha kawaida, kinamfaa zaidi. Kinoo cha kawaida cha nyumbani kinatosha kukirudishia makali.

Tano na mwisho, umbo. Makali yaliyochongoka kama mkuki ndiyo yanayopigwa picha zaidi, na ndiyo yasiyo na kazi zaidi. Kufungua boksi, kukata kamba, kumenya chungwa na kukata plasta hakuhitaji ncha ya kuchoma. Umbo lenye mgongo ulioinama na ncha butu linafanya kazi zote hizo, na likitoka kwenye ala kwa bahati mbaya haliingii kifuani kirahisi.

Kuna kundi ambalo linastahili kusikilizwa bila kejeli. Ni wale dada wanaorudi nyumbani saa tano usiku kutoka saluni, hotelini au kazini, wanaosema, "Mimi si fasheni, mimi najilinda." Hofu yao ni ya kweli. Lakini kisu cha shingoni hakiwapi wanachodhani kinawapa. Anayejua mji anajua roba: mkono unatoka nyuma, unabana shingo, na ndani ya sekunde chache mtu hana pumzi. Kamba iliyoko shingoni wakati huo ni msaada kwa mkabaji. Mpini unaoning'inia kifuani uko karibu na mikono yake kama ulivyo karibu na ya mwenyewe. Na hata kikichomoka, makali ya sentimita 5 hayamsimamishi mtu aliyedhamiria. Yanamkasirisha, na sasa kuna kisu kwenye ugomvi ambao ulikuwa wa simu na pochi. Mwenza wa njia, bodaboda anayefahamika na filimbi vina msaada zaidi. Kumwambia dada wa watu anunue kisu ni kumtwisha kazi ya ulinzi ambayo ilitakiwa iwe ya mtaa mzima.

Halafu kuna sheria, ambayo haijali idadi ya wafuasi. Sheria za Kenya na Tanzania zinatambua kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu, na "niliona kwa msanii" haijawahi kuwa sababu halali. Nairobi, mlinzi wa duka kubwa mwenye kigunduzi cha chuma atakiona kabla ya mhudumu kuuona uso wa mteja. Kwenye ndege hakiingii na abiria, hata kiwe kidogo kama kidole.

Kwa wana walioko ng'ambo ndiyo hatari zaidi. Uingereza, kisu kidogo cha kukunja kisichofungika, chenye makali chini ya inchi 3, kinaruhusiwa kubebwa. Kisichokunjwa hakina msamaha huo: kukibeba hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, hata makali yawe ya sentimita 4, na kifungo kinaweza kufika miaka 4. Kijana anayesambaza chakula kwa baiskeli London akikamatwa nacho chini ya fulana, habari ya "ni mkufu tu" haitamsaidia, na kama viza yake bado inasubiri majibu, hasara inaweza kuwa kubwa kuliko faini. California nako, kisu cha aina hii kikifichwa chini ya nguo kinaingia kwenye kundi la majambia. Sheria ya huko inasema kisu kilicho ndani ya ala na kuning'inia kiunoni waziwazi hakihesabiki kuwa kimefichwa. Imesema kiunoni. Haikusema shingoni.

Watetezi wa fasheni wana hoja moja nzuri: mbona Waomani wanavaa khanjar, Wamasai wanatembea na sime, Waskoti wanachomeka kisu kwenye soksi? Ni kweli, na inapendeza. Khanjar ipo mpaka kwenye bendera ya Oman, na masultani wa Zanzibar waliivaa. Lakini tofauti iko wazi. Vyote hivyo vinavaliwa mahali ambapo kila mtu anavitegemea, na jamii nzima inajua vinavaliwa lini na vinasema nini. Anayekutana na mzee mwenye khanjar harusini hashtuki. Anayekutana na kijana mwenye kisu kifuani ndani ya mwendokasi saa moja asubuhi ana haki ya kushtuka, kwa sababu hakuna desturi inayomweleza kijana huyo anataka nini.

Kwa hiyo hukumu si kwamba kisu cha shingoni ni kibaya. Fundi anayepanda nguzo, mpiga kasia, mpandisha wageni mlimani na mkulima mwenye mikono iliyojaa wana kila sababu ya kuwa nacho, na wakichagua kwa mpangilio sahihi kitawafaa miaka mingi. Wengine kibao wanataka kinachoning'inia, si kinachokata, na hapo hakuna aibu.

Kipimo ni kimoja. Anayeweza kutaja vitu vitatu atakavyokata wiki hii, vitu ambavyo kisu cha mfukoni au mkasi hauwezi, aagize, na aanze na kamba. Asiyeweza kutaja hata kimoja, sonara yupo mtaani, na cheni yake haihitaji ala.