Tuwafunze watoto kuuliza: Nani kasema?

Kila mwaka msimu wa mitihani ya kitaifa unapowadia, kuna biashara moja inayostawi humu nchini bila duka wala leseni. Watu wasiojulikana hufungua makundi katika Telegram na mitandao mingine, wakatangaza kwamba wanazo karatasi za KCSE ambazo hata msimamizi wa mtihani hajaziona. Mtahiniwa huagizwa alipe kwa simu, aghalabu kiasi ambacho mtoto wa shule anaweza kukidunduliza kutokana na pesa zake za matumizi. Akishalipa, hutumiwa karatasi yenye nembo ya Baraza la Mitihani, tarehe, na maagizo kamili kwa mtahiniwa. Baraza limetangaza mara chungu nzima kwamba karatasi hizo ni za kubuni. Hata hivyo wanunuzi hawaishi.

Pesa zinazopotea ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni majuma yale ambayo mtoto ameacha kudurusu akikariri majibu ya maswali ambayo hayatakuja. Isitoshe, hana pa kulalamika. Atamshtakije mwizi bila ya kukiri kwamba yeye naye alidhamiria kuiba?

Nimeuanza mjadala huu na mitihani kwa sababu mfano huo waonyesha wazi namna uwongo wa mtandaoni unavyofanya kazi. Uwongo haumei penye utupu. Humea penye chembe ya ukweli. Mitihani yetu iliwahi kuvuja. Katika KCSE ya 2015 udanganyifu ulikithiri hata matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na mwezi Machi 2016 wanachama wa Baraza wakaondolewa. Tangu hapo karatasi zimekuwa zikihifadhiwa katika makontena yenye ulinzi mkali. Mlaghai wa leo hahitaji kuvunja kufuli ya kontena lolote. Ile kumbukumbu ya 2015 pamoja na hofu ya mtoto vinamtosha.

Serikali haikukaa kitako. Bunge lilipitisha sheria ya uhalifu wa mitandaoni mwaka 2018, na mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliziagiza kampuni za simu ziizime Telegram katika saa za mitihani. Kwingineko duniani wamekwenda mbali zaidi. Australia ilianza tarehe 10 Desemba 2025 kuwazuia watoto wasiotimiza miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Sizibezi hatua hizi. Mtoto mdogo hastahili kuachwa peke yake katika soko la watu wazima. Lakini kufuli, hata iwe imara namna gani, ina kikomo chake. Shule zetu nyingi za bweni zimepiga marufuku simu kwa miaka mingi. Shule zikifungwa mtoto hushika simu ya mzazi, na lile lililokuwa likimsubiri nje ya lango humpata papo hapo. Hata yule wa Australia atafikisha miaka 16 siku moja. Siku hiyo ataingia mtandaoni na akili ile ile aliyonayo. Swali ni je, akili hiyo itakuwa imefunzwa nini?

Jibu langu litawashangaza wengine: sehemu kubwa ya mafunzo hayo inapaswa kutolewa katika kipindi cha Kiswahili.

Uwongo wa mtandaoni, kabla ya kuwa jambo la teknolojia, ni jambo la lugha. Hebu tukitazame kitenzi "inasemekana", ambacho hupenda kufungulia habari za namna hii. Mzizi wake ni "sem". Umefuatwa na viambishi viwili vya mnyambuliko, na mwanzoni kipo kiambishi "i" ambacho hakimrejelei mtu yeyote. Matokeo yake ni kitenzi kilichosema jambo bila ya msemaji. Kiambishi kinachopaswa kumtaja mtenda kimejazwa hewa. Sasa tukilinganishe na "imethibitishwa". Hiki kiko katika kauli ya kutendwa, na sarufi yetu inaturuhusu kumtaja mtenda kwa kutumia "na": imethibitishwa na wizara, na daktari, na mahakama. Mtungaji wa uwongo huliacha pengo hilo makusudi, akitumaini kwamba msomaji hataliona. Mwanafunzi aliyezoezwa kuliuliza pengo hilo, "imethibitishwa na nani?", amepata kinga isiyohitaji umeme wala bando.

Walimu wenzangu, mnyambuliko wa vitenzi tunaufundisha tangu shule ya msingi. Tunawataka watoto wageuze "piga" kuwa "pigwa", "pigana" na "pigisha", kisha tunasahihisha na kwenda zetu. Ni mara ngapi tumewaonyesha kwamba mtu anapochagua kauli ya kutendwa, huenda ana jambo analoficha? Sarufi iliyofundishwa bila ya kazi yake maishani husahaulika mara tu mtihani unapokwisha.

Mnyambuliko huo huo watupa istilahi tunazozihitaji. Kutokana na "potoka" tunapata "potosha", kama tunavyopata "chosha" kutokana na "choka". Kile kiambishi cha kusababisha ndicho kinachotenganisha makosa na hila. Habari potofu ni ile isiyo sahihi, ingawa huenda anayeibeba ana nia njema. Habari potoshi ni ile iliyotungwa ili impoteze mtu. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ulienea uvumi kwamba mtoto mchanga amenena na kuwaagiza watu wanywe chai ya rangi kabla ya kupambazuka ili wasiambukizwe. Watu waliamshwa usiku kwa simu za jamaa zao, wakabandika sufuria mekoni. Shangazi aliyepiga simu ile alibeba habari potofu, na aliibeba kwa mapenzi. Muuzaji wa karatasi za mtihani ametunga habari potoshi, na ameitunga kwa tamaa. Mtoto anapaswa kuwatambua wote wawili, ila hapaswi kuwatendea sawa. Shangazi huelezwa kwa adabu. Mlaghai huripotiwa.

Suala hili si la mitihani na chai peke yake. Mwezi Oktoba 2019 serikali ilizindua mjini Mombasa chanjo ya virusi vya HPV kwa wasichana wa umri wa miaka kumi. Virusi hivyo ndivyo chanzo cha karibu visa vyote vya saratani ya mlango wa uzazi, maradhi yanayowaua maelfu ya wanawake nchini kila mwaka. Punde ukazagaa uvumi kwamba chanjo hiyo humfanya msichana awe tasa. Mzazi aliyeusoma uvumi huo katika simu yake na kuusadiki akamzuia bintiye. Mtoto wa miaka kumi hakushauriwa, naye ndiye atakayelipa gharama, pengine miaka thelathini baadaye. Kwa hiyo tunapowafunza watoto kupima habari tunawaandaa kuwa wazazi wa kesho pia.

Tatizo, kwa maoni yangu, lina mzizi katika namna tunavyofundisha kusoma. Tukitazame kifungu cha ufahamu katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya KCSE. Mwanafunzi huulizwa mwandishi amesema nini, ametoa sababu gani, na msamiati fulani una maana gani. Haulizwi iwapo lililosemwa ni kweli, wala mwandishi amelijuaje. Kwa miaka mingi mtoto huzoea kwamba maandishi yakishapigwa chapa, kazi yake ni kuyachota tu. Mtoto huyo huyo anapokutana na maandishi yaliyonakshiwa vizuri kwenye simu, huyachota vivyo hivyo.

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 umezitaja fikra tunduizi na ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini fikra tunduizi hazipandwi kwa kuandikwa katika maazimio ya kazi. Mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, umejuaje?" na akaambiwa aketi chini aache utundu, amefunzwa kutii sauti kubwa. Mtandaoni zimo sauti kubwa kuliko ya mwalimu.

Napendekeza mambo ya kawaida kabisa. Katika isimujamii tunafundisha sajili ya mahakamani, ya hospitalini na ya matangazo ya biashara. Tuongeze sajili ya upotoshaji: haraka yake ("soma kabla haijafutwa"), vitisho vyake, wasemaji wake wasio na majina, na lile agizo lake la kudumu, "sambaza". Mwalimu alete darasani ujumbe halisi, na wanafunzi waujibu kwa maswali manne: Nani kasema? Amejuaje? Nani mwingine amesema? Nani atafaidika nikisadiki? Waonyeshwe pia kwamba WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliopitishwa mikono mingi. Mishale hiyo haimaanishi kwamba ujumbe ni wa uwongo. Yamaanisha tu kwamba huyu aliyekutumia si aliyeuandika, na huenda hamjui aliyeuandika.

Zamani tuliwaambia wanafunzi kwamba barua ya matapeli hutambulikana kwa makosa ya tahajia. Ushauri huo umepitwa na wakati. Programu za akili unde sasa huandika Kiswahili kilichonyooka, na zinaweza kuigiza sauti ya mtu na kuunda picha ya tukio ambalo halikutokea. Usanifu wa lugha umeacha kuwa ushahidi wa ukweli. Ndiyo sababu tuwazoeze watoto kufuata chanzo cha habari kuliko kutazama sura yake.

Wapo watakaodai kwamba tukifunza watoto kushuku tutalea kizazi kisichomwamini mtu. Hofu hiyo ina msingi. Mtoto asiyeamini lolote amepotea sawasawa na anayeamini kila kitu, kwa maana wote wawili wameacha kupima. Lengo letu si shaka, bali ni uzani. Mtoto ajue kwamba tangazo la Baraza la Mitihani na tangazo la kundi lisilo na mwenyewe havilingani uzito, na aweze kueleza kwa nini.

Lugha yetu yenyewe inazo hoja za pande zote mbili. Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanafunzi huipenda methali hii, na wauza uvumi huipenda zaidi. Lakini wahenga hao hao walisema kwamba akili za kuambiwa, changanya na zako. Walisema pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ilikuwa fupi kweli enzi ambapo mwongo alijulikana kwa uso na kwa ukoo. Leo njia yake ni ndefu, na hupita katika mikono ya watu wema, wakiwemo wazazi na walimu ambao husambaza kwanza na kusoma baadaye. Hatuwezi kuwadai watoto nidhamu ambayo sisi wenyewe hatunayo.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtahini asisubiri Nairobi itoe waraka mpya, wala mwalimu asisubiri kompyuta zifike shuleni. Ubao, chaki na kitenzi "inasemekana" vyatosha kuanza kazi hii kesho asubuhi.